Kanda za Maalim na Diski Isiyoshiba



Wiki mbili zilizopita safu hii haikutoka, na baadhi ya akina mama walimwuliza mhariri iwapo tunaumwa. Hatuumwi, alhamdulillahi. Tulikuwa bara, mjini Nyeri, na baridi ya Mlima Kenya katika mwezi wa Julai si baridi ya kuandikia. Mtu wa pwani mkono wake hautoki ndani ya shuka mpaka jua lipande. Tulikwenda kuzuru nyumba ya marehemu mwalimu wetu, nasi tulidhani tutakaa siku mbili. Tulikaa tisa, na kilichotuweka ni kidude cheusi cha ukubwa wa msahafu mdogo, chenye waya mmoja, ambacho kilikuwa kimejaa na hakuna aliyejua kimejazwa na nini.

Msomaji asiyeifahamu miji ile aelewe kwanza kwamba Nyeri ilianza mwaka 1902 kama boma la Waingereza, na kama ilivyokuwa Murang'a, ambayo zamani ikiitwa Fort Hall, na kama Nanyuki na Embu na Meru, nyuma ya boma hakukukosekana Waislamu: wapagazi, askari, wapishi na wafanyabiashara, wengi wao wakiwa wametoka huku kwetu au wamepitia huku kwetu. Mwalimu wetu alipanda huko akiwa kijana, akafunza Nyeri, Karatina na Nanyuki, akaoa huko, akazikwa huko. Kila Jumamosi baada ya Alasiri akina mama walikusanyika uani kwake, naye akiwasomesha. Tangu mwaka 1981 hadi 1997 darasa hizo zilinaswa kwenye kanda za kaseti kwa redio moja ya fedha ambayo sisi wenyewe tuliibeba mara nyingi.

Kanda hizo ni 58, kila moja ya dakika tisini. Zilizomo humo si sauti ya Maalim peke yake. Mna maswali ya akina mama, mna vicheko vyao, mna mtoto analia na mamake ananyamazisha. Wengi katika waliouliza wametangulia mbele ya haki. Na katika kanda ya 31, iliyonaswa siku ya mvua ambapo darasa halikufanyika na waliokuwapo walikuwa wazee watatu tu, Maalim anataja makaburi ya wageni wa pwani waliofia huko juu, huyu mtu wa Siyu, yule wa Faza, yule wa Mji wa Kale wa Mombasa, na kila mmoja amelazwa upande gani. Hakuna daftari lililoandikwa hayo. Mawe mengi yamekwisha kuzama ardhini. Kila mwaka mmoja au wawili hutokea watu wa huku wakimtafuta babu yao, nao huelekezwa kwa maneno ya kanda ile.

Kanda ya kaseti ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na adui yake ni unyevu. Nyeri ina unyevu wa kutosha. Binti wa Maalim, ambaye ni mama wa watoto wanne na ndiye aliyebaki na nyumba, alipofungua sanduku miaka mitatu iliyopita alikuta baadhi ya kanda zimeota ukungu mweupe. Akaazima waya, akaunganisha redio na kompyuta yake ya mkononi, akajifunza programu ya bure iitwayo Audacity, na akaanza kuzihamisha moja baada ya moja. Kazi hiyo aliifanya usiku na asubuhi, kati ya jiko na shule na duka. Kanda ya 31 aliicheza mara moja tu. Alipokuwa akiirudisha nyuma ilikatika na kujikunja ndani ya redio, na kilichotolewa humo kilifaa kuitwa uzi kuliko kanda.

Fundi aliyemuuzia diski ya nje alimwekea mpango wa nakala rudufu, akamwambia: "Mama, wewe fanya kazi yako, diski itajiwekea akiba yenyewe." Maneno hayo yalikuwa kweli. Hakumwambia kitu kingine chochote, na hapo ndipo tunapomlaumu fundi yule, ingawa tunajua kwamba mafundi wengi ni hivyo hivyo, huku pwani pia.

Diski ilikuwa ya terabaiti moja. Ilijaa baada ya miezi kumi na minane.

Tulipofika tulimkuta mama yule hana raha. "Ami," akatuambia, "kanda zote hamsini na nane nimezipiga hesabu, hazifiki gigabaiti mia moja na kumi. Diski ni ya elfu moja. Mia tisa zimekwenda wapi?" Mwanawe mkubwa, kijana wa kidato cha nne, alikuwa amekwisha kujaribu dawa yake: alifungua diski, akakuta faili zinazofanana majina, akazifuta ishirini na moja. Nafasi haikurudi hata kidogo. Diski ilibaki imejaa vile vile, na hapo ndipo nyumba ilipoingiwa na hofu. Jirani alisema ni virusi. Mwenye saiba ya mjini aliipitisha programu ya kusaka virusi, akatoza pesa, akasema hakuona kitu lakini ni bora kuifuta diski yote ianze upya. Bibi mmoja wa makamo, aliyekuja kutuletea uji, alisema kwa sauti ya chini kwamba nyumba yenye sauti za wafu haikosi mambo. Sisi hatukumcheka. Tulimwomba tu asiyaseme hayo mbele ya watoto.

Kijana aliazimia kuifuta diski siku ya Ijumaa. Sisi tulifika Alhamisi jioni.

Hatudai kwamba tuliitambua hatari. Sisi elimu yetu ya kompyuta huishia kwenye kuandika safu hii na kuituma. Tulichosema ni neno moja la mtu mzima, kwamba kitu usichojua kilichomo ndani hakimwagwi, na tukashauri aitwe mtu anayesomea mambo haya. Akapatikana binti wa jirani aliyekuwa nyumbani kwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambacho kiko hapo hapo Nyeri. Alikuja na daftari na kalamu. Hilo lilitupendeza kabla hajagusa kitu.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni dogo, nasi tunalitaja kwa sababu limewagombanisha wengi na wenye maduka. Diski ya terabaiti moja ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows husomeka gigabaiti 931, wala hujaibiwa. Mwenye kiwanda huhesabu kwa elfu, kompyuta huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ikirudiwa ngazi kwa ngazi huleta pengo hilo. Basi tangu mwanzo nafasi iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa 931, si elfu.

Kisha akafanya lile ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, nalo ni kujumlisha. Alifungua diski, akachagua folda zote zinazoonekana, akauliza ukubwa wake kwa pamoja. Kompyuta ikajibu 894. Diski yenyewe ikasema iliyotumika ni 931. "Babu," akatwambia, "kuna thelathini na saba zimejificha." Aliyaandika hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Mama akasema pipa la taka amelitazama mara nyingi na ni tupu. Binti akamwuliza analitazama wakati gani. Akajibu kwamba huichomoa diski kwanza ili isiharibike, kisha hutazama. Na hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya mwanzo. Kila diski ya aina hii ina pipa lake la taka ndani yake yenyewe, limefichwa. Lile pipa unaloliona kwenye uso wa kompyuta hukuonyesha yaliyomo katika diski zilizounganishwa kwa wakati huo tu. Ukiichomoa diski, imeondoka na taka zake. Binti akalifungua pipa huku diski ikiwa mahali pake, na zile faili ishirini na moja alizozifuta kijana zikajipanga mbele yetu zote, hakuna hata moja iliyopungua. Ndiyo maana nafasi haikurudi: faili hazikufutwa, zilihamishwa chumba tu.

Mama aliinama kutazama majina. Ya tisa kutoka juu ilikuwa kanda ya 31.

Hakusema neno. Aliondoka akaenda jikoni, na tulisikia maji yakifunguliwa.

Hapa inatubidi tueleze jambo ambalo sisi wenyewe lilituchukua siku nzima kulielewa. Kwa nini nakala ile iliyokuwa pipani ilikuwa muhimu hivyo, ilhali kulikuwa na kompyuta, na diski ni akiba ya kompyuta? Kompyuta ya mama ina nafasi ya gigabaiti 256 tu, na ilipokaribia kujaa alifanya lile ambalo wengi wetu tungelifanya: alizifuta humo kanda arubaini za mwanzo, akijituliza moyo kwamba ziko kwenye diski. Tangu siku ile, kwa kanda hizo arubaini, diski haikuwa tena akiba ya kitu chochote. Ndiyo iliyokuwa kanda yenyewe. Mtu ana nakala mbili, akitupa moja hana tena nakala, ana asili moja iliyo katika hatari ile ile ya mwanzo. Na kwa kanda ya 31, ambayo utepe wake umekatika, kila toleo lake lilikuwa ndani ya kidude kile, na la mwisho kabisa, lile lililosafishwa mvumo, lilikuwa ndani ya pipa la taka, likingoja Ijumaa.

Sasa turudi kwenye 894 zilizobaki. Binti aliifungua folda ya akiba na kuipanga kwa majina. Tuliona kanda ya 12, kisha kanda ya 12, kisha kanda ya 12 tena, mara kumi na moja, kila moja ikiwa na tarehe na saa mabanoni. Kijana alikuwa amezidhani ni marudio yasiyo na maana. Kumbe ndivyo mpango ule unavyofanya kazi. Unaitwa File History, yaani historia ya faili, na Windows imekuwa nao tangu mwaka 2012. Kazi yake si kuweka nakala moja ya kila kitu. Kazi yake ni kuweka historia: kila saa huangalia ni faili gani imebadilika, na iliyobadilika huinakili upya, nzima, bila kuigusa ile ya zamani. Usipouambia vingine, huzihifadhi zote milele. Neno "milele" limo humo katika mipangilio, na ndilo lililokuwa limechaguliwa.

Kwa barua au karatasi za mtihani hilo halina ubaya. Faili ya barua ni punje. Lakini sauti ghafi ni mzigo. Programu ya Audacity huweza kunasa sauti kwa ubora wa juu na kwa njia mbili, kulia na kushoto, na hapo kaseti ya dakika tisini hugeuka faili ya karibu gigabaiti 1.8. Mama yule hakukaa na kanda moja mpaka akaimaliza; nani mwenye watoto wanne anayeweza? Alifungua, akasafisha dakika kumi, mtoto akalia, akahifadhi na kufunga. Saa ikipiga, diski inaona faili imebadilika, inameza 1.8 nyingine. Baada ya chakula cha mchana anarudi, anaondoa kikohozi kimoja, anafunga. Nyingine tena. Kikohozi kimoja cha sekunde mbili kiligharimu sawa na kanda nzima. Tulihesabu matoleo 430, na kwa pamoja yalikuwa karibu gigabaiti 760.

Akina mama wanaohifadhi picha watasema haya hayawahusu. Yanawahusu. Kubadilisha jina la folda au kuihamisha mahali kwaweza kuufanya mpango wa aina hii uione ni mpya na kuinakili tena yote. Kadhalika zipo programu za kucheza sauti ambazo, bila kukuuliza, huandika jina na picha ndani ya faili zako. Faili imeguswa, basi imebadilika, basi inanakiliwa. Na wale jamaa zetu wa Muscat na London wanaotumia kompyuta za Apple, mpango wao wa Time Machine nao huweka nakala za kila saa kwa siku moja, za kila siku kwa mwezi, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, mpaka diski ijae. Ikijaa hufuta za kale zaidi. Kwao diski kujaa ni jambo la kawaida wala lisiwatie hofu, ila wajue kwamba cha kale kitaondoka kimya kimya.

Gigabaiti 96 zilikuwa za simu. Mara tatu mama alichukua folda yote ya WhatsApp kutoka kwenye simu na kuitupa kwenye diski, na kila mara ilikuwa ile ya zamani pamoja na nyongeza kidogo. Humo mlikuwa na salamu za Ijumaa zenye maua, video za harusi za watu wasiojulikana, mapishi ya sambusa, na video moja ya paka ambayo tuliikuta mara saba. Sisi tuna lawama yetu hapa kwa wanaosambaza, lakini tusiiongeze, kwani baadhi ya salamu zile zilitoka kwetu. Zilizobaki zilikuwa picha za familia na karatasi za shule.

Basi yote yalikuwa yamejulikana kufikia Jumamosi adhuhuri: hakukuwa na virusi, wala mkono wa mtu, wala lile la bibi wa uji. Kilichobaki ni kusafisha, na kijana, ambaye sasa alikuwa na haya na hamu ya kufidia, alitaka kubonyeza ile amri ya kufuta matoleo ya zamani iliyomo katika mpango wenyewe. Binti alimshika mkono. Alieleza kwamba amri ile hufanya kazi kwa kulinganisha na kompyuta. Huacha toleo la mwisho la faili inayoitambua kuwa bado iko chini ya ulinzi wake, lakini kanda arubaini hazikuwapo tena kwenye kompyuta, na yeye hakuwa tayari kujaribu bahati yake kwa sauti ya marehemu. Alitaka diski ya pili kwanza.

Hapo kukawa na mjadala, nao haukuwa wa kompyuta. Diski mpya ya terabaiti mbili mjini iligharimu pesa ambazo mama alikuwa ameziweka kwa karo ya muhula wa tatu. Kaka yake wa Mombasa, alipopigiwa simu, alisema kanda hizo kwa nini zisipelekwe kwake zikatunzwe, na sauti ikapanda pande zote mbili, kwa kuwa chini ya maneno hayo kulikuwa na jambo la nani mrithi wa Maalim. Tulinyamaza. Yapo ya nyumba za watu. Kilichomaliza mjadala ni chama cha akina mama wa Majengo, ambao siku ya Jumapili walikuja watano, wakasikilizishwa dakika chache za kanda ya 7, na mmoja wao akaisikia sauti ya mamake akiuliza hukumu ya mtu aliyelala akapitwa na Alfajiri. Mamake alifariki mwaka 1990. Aliomba irudishwe nyuma. Ilirudishwa mara nne. Jumatatu asubuhi fedha za diski zilikuwa mezani, mkopo usio na muda.

Kazi ya kunakili ilikwenda siku tatu, kwa sababu binti hakukubali kunakili tu. Kwanza alirejesha zile ishirini na moja kutoka pipani. Kisha kwa kila kanda alichagua toleo la mwisho, akalihamishia diski mpya, halafu mama au kijana akalisikiliza mwanzoni, katikati na mwishoni. Kanda mbili zilionekana na jina na ukubwa kamili, lakini zilikuwa kimya kuanzia katikati; toleo lililotangulia lilikuwa zima, likachukuliwa hilo. Hapo tulimwona kijana akiyaangalia matoleo aliyoyaita takataka kwa jicho jingine. Zote 58 kwa pamoja, toleo moja moja, zilikuwa gigabaiti 103. Zilipotolewa kwa umbo la MP3 la kusikilizia zilikuwa gigabaiti tano tu, zikaingia kwenye flashi ndogo ambayo tulishuka nayo pwani ndani ya mfuko wa kanzu, tukamkabidhi kaka mtu mkononi mwake. Aliichukua, akashukuru, na akamuuliza dadake habari za baridi. Ni mwanzo.

Wenye ujuzi wana kawaida iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: kitu chenye thamani kiwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kuna kisa ambacho binti alitusimulia wakati tukingoja diski imalize, nacho kimesimuliwa na watu wa kampuni hiyo wenyewe. Mwaka 1998 kampuni ya filamu za vikaragosi ya Pixar ilikuwa ikitengeneza Toy Story 2, na mtu mmoja kwa amri moja isiyo sahihi akaanza kuifuta filamu nzima. Wakakimbilia akiba yao, wakakuta akiba ilikuwa haifanyi kazi sawasawa kwa muda na hakuna aliyejua. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mama aliyekuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani. Alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Waliifunga kompyuta ile kwa mablanketi na kuirudisha ofisini ndani ya gari, polepole, kama inavyobebwa mayai. Mama wa nyumba alicheka sana kusikia hayo, nasi tulifurahi kumwona akicheka.

Baada ya hapo ndipo diski ya zamani iliposafishwa. Mipangilio ilibadilishwa: badala ya kila saa, mara moja kwa siku, badala ya milele, miezi mitatu. Folda ya kanda zinazoendelea kusafishwa iliondolewa katika mpango, na mama sasa huzinakili mwenyewe kila akimaliza moja, kwa mkono, na kuweka alama kwenye daftari. Kwa darasa, ambayo ni sauti ya mtu mmoja iliyonaswa na redio moja, binti alimfundisha kunasa kwa njia moja badala ya mbili, na faili ikawa nusu yake bila sikio kupoteza kitu. Kwenye simu alizima kule kupakua picha na video zenyewe. Siku ya tisa tulipokuwa tukifunga mkoba, diski ile ilionyesha gigabaiti 780 tupu, na mama aliifunika kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kama inavyofunikwa redio katika nyumba za zamani.

Msomaji aliye na diski iliyojaa na asiyejua imejazwa na nini, aanze pale alipoanzia binti yule: achomeke diski, ajumlishe vinavyoonekana, alinganishe na kilichotumika, alifungue pipa la taka diski ikiwa mahali pake, kisha atafute jina moja linalojirudia na tarehe mbalimbali. Na kabla ya kufuta hata faili moja, ajiulize kama iko mahali pengine. Si kama iliwahi kuwako. Kama iko leo.

Kuna kanda mbili ambazo hazijahamishwa, ya 57 na ya 58, kwani ukanda wa mpira wa ile redio ya fedha ulikatika tulipokuwa huko na mjini Nyeri haukupatikana, wala Karatina. Zile faili zake mbili zilizomo kwenye diski ndizo zile zilizokuwa kimya katikati hata katika toleo lililotangulia la kwanza tulilolijaribu, na mama angependa kuzinasa upya zikiwa nzima. Ikiwa katika nyumba za wasomaji wetu, Lamu, Malindi, Mombasa au Kwale, kuna redio ya kaseti inayozunguka sawasawa bila kula kanda, tunaomba mwenyewe aache ujumbe kwa mhariri. Tutakuja kuichukua sisi wenyewe, na itarudi.